Wigi Lililotazama Mbagala

Mie nasema wazi, na mke wangu akisikia basi asikie: mwanaume aliyetoka kazini akakuta vichwa saba vimepangwa kwenye kochi lake, vyote vina nywele kumzidi yeye, ana haki ya kukasirika. Mie nimekasirika miaka tisa. Siku hizi nimepunguza, na nitawaambia kwa nini, ila mniache nianze na hasira kwanza maana ndiyo inayonipa pumzi.

Naitwa Albano, Mmakonde wa Newala, mchongaji wa mpingo. Nachongea Mwenge, kwenye soko la vinyago, nalala Mtoni, huku kwetu Temeke, hatua chache kutoka barabara ya Kilwa. Mke wangu ni Adelina. Kuna mafundi redio, kuna mafundi viatu. Mke wangu ni fundi wa mawigi ya nailoni yaliyokata tamaa. Unampelekea wigi limekakamaa kama fagio la chooni, yeye anakurudishia linameta mpaka unaona aibu kulivaa na gauni lako la zamani. Mlangoni katundika kibao, kakiandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki tulipopaka geti: LETE LIMEKUFA, CHUKUA LINAMETA.

Alianza kwa bahati mbaya. Alikuwa na wigi lake moja, bobu fupi jeusi, limechoka kwa moshi wa jikoni. Siku hiyo anasuuza mashuka, kwenye ndoo ya mwisho katia ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, akainama, wigi likamponyoka likatumbukia. Akasema potelea mbali, akaliacha humo. Asubuhi analitoa, loo! Linateleza kama kambale. Jumapili alipoingia nalo kanisani, wanawake wa benchi la nyuma hawakusikia hata neno moja la mahubiri, na walipotoka nje walimzunguka wakitaka kujua kalinunua wapi. Adelina akaona Mungu kamwonyesha njia. Mie nikaona kumbe shuka ninalolalia limelowekwa na wigi.

Tangu hapo ana masharti kuliko mganga. Wigi lioshwe kwa maji ya baridi na shampuu ya watoto, kifuniko kimoja tu. Lisifikichwe, maana wigi siyo soksi. Lilazwe kwenye maji ya ile dawa ya nguo. Lichanwe kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kwenda juu, ukianza juu anakunyang'anya. Lile lililosokotana kisogoni analipitisha kwenye maji ya moto yasiyochemka, anahesabu mpaka kumi, analitoa. Likaukie kivulini, jua, anasema, ni la kuanikia dagaa. Na mteja akija kichwa chini na wigi lililoungua, utamsikia Adelina mpaka kwa Mpemba wa dukani.

"Nani kakwambia upige pasi?"

"Nilitaka linyooke, dada."

"Linyooke? Na hapa umepaka nini? Mafuta ya nazi! Jamani, nailoni inakula mafuta? Kwani wewe nyumbani kwako unapakaga kapeti mafuta?"

Mteja anaomba msamaha. Yaani mtu kaleta wigi lake mwenyewe, na bado anaomba msamaha.

Sasa mawigi yanataka vichwa, na nyumbani kwa mchongaji vichwa havikosekani. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia. Nimekaa wiki tatu namchonga mzee wa Kimakonde, chale usoni, midomo imekaza, macho ya mtu aliyeona njaa na vita. Nikaenda kuoga. Narudi, mzee kavaa bobu jekundu. Nikamwambia Adelina, huyu ni mzee wa watu, mwenye heshima zake. Akanijibu, "Basi mwache apendeze."

Kuna siku nilibeba vichwa vinne kwenye gunia kwenda Mwenge, sikuangalia, kumbe kimoja kimevaa wigi. Akaja mama mmoja wa Mbezi Beach, akakipenda hapohapo. Nikataka kulivua, akanishika mkono: "Ukilivua sichukui." Basi nikauza. Lile wigi lilikuwa la Mwalimu Asifiwe wa Kigamboni, kalileta litengenezwe la kuvaa shuleni. Mwalimu wa watu kafundisha wiki mbili kajifunga kitambaa, na mie wiki hizohizo mbili nilikula ugali na maneno. "Albano," Adelina akawa ananiambia kila nikimega tonge, "umeuza kichwa cha mtu." Wahenga wamesema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zilianza kunyonyoka mwaka ule.

Haya, hasira nimeimaliza. Sasa nije kwa Mama Herieth, maana habari yenyewe ni yake.

Jina lake Marietha, Mngoni wa Songea, jirani yetu nyumba ya tatu, muuza vitumbua, mke wa Mzee Leodegar, karani mstaafu mwenye macho mabovu na adabu nyingi. Mngoni na sie Wamakonde ni watani, na utani wetu una sababu: babu zao walikuja na mikuki, babu zetu wakapanda mlimani. Basi kila asubuhi akipita na deli lake la vitumbua namwanza.

"Mngoni wewe! Babu yako katoka Afrika Kusini kwa miguu, safari yote ile, kuja kuiba kuku wa babu yangu!"

"Na babu yako kakimbilia mlimani kawaacha kuku peke yao," ananijibu bila hata kusimama. "Tungefanyaje, tuwaache wafe njaa? Tuliwaonea huruma."

Alikuwa na wigi moja tu, la kahawia, na alilivaa miaka kumi na moja. Usiombe ulione. Mbele mvuke wa mafuta ya vitumbua ulilikunja mpaka likasimama kama kuku wa kishungi. Kisogoni limesokotana, ukiweka yai halianguki. Upande wa kushoto alichomekaga penseli ya kuandikia oda za watu, na ile penseli ililivuta wigi zima likageukia huko. Yaani uso wa Mama Herieth unatazama Kurasini, wigi linatazama Mbagala. Kila siku akitoka mlangoni, Mzee Leodegar pale barazani anamwambia kwa upole wake uleule, "Marietha, wigi lako linatazama Mbagala." Na yeye anajibu, "Liache litazame, huenda kuna wateja." Sie majirani tulikuwa tunajua kumekucha kwa maneno hayo.

Adelina lile wigi lilimkalia kooni. Lilipita mbele ya kibao chake mara nne kwa siku, na wateja wakauliza: fundi, huyu jirani yako mbona humtengenezi? Akambembeleza Mama Herieth miaka na miaka. Niletee nikufanyie bure. Niletee nikupe na lingine la kuvaa ukisubiri. Mama Herieth anacheka, kiganja kimoja juu ya wigi kulizuia lisianguke.

"Adelina mdogo wangu, hili likimeta Leodegar atanipotea. Ananitafutaga kwa hili sokoni."

Adelina anarudi ndani anasonya. Halafu anasimama dirishani, analikodolea macho wigi lile likiondoka, na kulihesabia makosa yake moja baada ya jingine. Mie nilidhani ni ugonjwa.

Sasa kuna jambo moja lazima mlijue. Mama yangu mzazi alifariki hapa kwangu, miaka minne iliyopita. Niliganda. Sikulia, sikuongea, watu wananipa pole naitikia kama redio. Mama Herieth akaja kama mtani. Akachukua kanga ya mama na mkongojo wake, akapita katikati ya waombolezaji amepinda mgongo, akaonja mboga ya msiba, akatema. "Hii nani kaipika? Mmechota baharini?" Ni mama yangu mtupu! Sauti ile, na mdomo ulivyokuwa unavutika pembeni. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa chini ndipo kilio kikaja, nikalia kama mtoto mpaka jioni. Usiku ule nikalala. Kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo, na yeye aliifanya kwangu.

Mwaka jana mwezi wa nne, mvua zinamwagika, Mama Herieth akaanguka kwa presha. Siku mbili tu, akatutoka. Wakamsafirisha kwenda kumzika kwao Songea. Na mie, mtani mzima, nilikuwa kitandani natetemeka na malaria. Sikwenda. Waliokwenda walisema Mzee Leodegar hakutoa chozi hata moja. Akarudi Mtoni akakaa kwenye kiti chake barazani, na hapo ndipo alipobaki. Ukimsalimia anaitikia. Ukimpelekea chakula anasema asante, anakinywa kidogo kama ni uji, kama si uji anakiacha. Wiki ya tano suruali yake ilikuwa inashikwa na kamba.

Jumapili, siku sita kabla ya arobaini ya marehemu, akaja binti yao Herieth, yeye ni nesi anakaa Kinondoni. Kashika mfuko wa kitambaa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Alisimama katikati ya vichwa vyangu, macho yamevimba. "Baba, mie nimeona wagonjwa wengi. Baba yangu haumwi popote, ila anaondoka. Hajalia, hajacheka. Ikiendelea hivi tutamzika na yeye. Arobaini ni Jumamosi, wewe ndiye mtani wa mama. Njoo umwige. Acheke, alie, chochote, lakini kitoke." Akatoa kwenye mfuko gauni la mama yake la vitumbua, akatoa na wigi. "Lilikuwa kwenye sanduku, linanuka moshi. Mama Adelina, utalisafisha avae."

Adelina alilipokea kwa mikono miwili. Alilinusa, akalia kwikwi, na Herieth naye akalia, wakashikana pale. Lakini binti alipotoka tu, nikamwona mke wangu anapangusa macho, na machoni mwake kuna kitu.

"Albano. Nimelipata."

"Umepata nini?"

"Alininyima akiwa hai. Sasa nitampa heshima yake. Atakuja kwenye arobaini yake amependeza, watu wote waone."

Siku tano mke wangu hakupokea mteja. Alichomoa ile penseli akaiweka kabatini. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai, ya pili rangi ya supu. Alilaza, akachana, akachovya, akahesabu mpaka kumi, akamwomba na Mungu. Kishungi cha mbele alikinyoosha unywele kwa unywele. Ijumaa akaniita sebuleni. Kumbe wigi lile lilikuwa refu! Limeshuka mpaka mabegani, linatiririka, linameta, la kahawia lenye wekundu kwa mbali, sijawahi kuona. Alikuwa kaliweka kwenye kichwa cha yule mzee wangu wa chale, na hata yeye alionekana kama ana mwaliko.

Nikalitazama, moyo ukaniambia: silo. Mie ni mchongaji. Ukitaka watu wamjue mtu kwenye mpingo, humchongi uzuri wake, unamchonga pengo lake la jino. Lakini nikauangalia uso wa mke wangu, umechoka, una furaha, anasubiri neno langu. Nikasema, "Fundi ni fundi." Ndoa ya miaka ishirini na miwili inakufundisha mahali pa kufunga mdomo, na safari hiyo ilinifundisha vibaya.

Jumamosi ikafika. Turubai limefungwa, viti vimejaa, katekista kaongoza sala, watu wa jumuiya wameimba. Nyuma ya nyumba wanawake wanapika pilau kwenye masufuria makubwa. Mzee Leodegar kakaa mbele, koti lake la kazini limemzidi, mikono juu ya magoti. Mie nikaingia chumbani. Nilikuwa nimenyoa ndevu zangu za miaka kumi kwa ajili ya shughuli hiyo. Nikavaa gauni, nikashika deli, Adelina akanivika wigi, akaliweka sawasawa, akarudi nyuma hatua moja kunitazama, akatabasamu, akaenda jikoni kuchungulia kutokea huko.

Nikatoka. Nikatembea ule mwendo wa Mama Herieth, nyonga hii, nyonga hii, deli kiunoni.

Hakuna aliyecheka.

Mama mmoja wa jumuiya akanisogezea kiti. Nyuma nikasikia mtu ananong'ona, "Huyu siyo mke wa mheshimiwa?" Mwingine akajibu, "Labda, lakini kaletwa na nani?" Nikazidisha mwendo. Nikatingisha nyonga mpaka nikasikia mfupa. Zile nywele zinaniangukia usoni, zinameta chini ya turubai, watu wananitazama kwa heshima kubwa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: Mzee Leodegar akaegemea fimbo yake, akasimama, akavua kofia.

"Karibu sana, mama," akasema. "Unisamehe, macho yangu mabovu, sijakufahamu. Umetokea jumuiya gani?"

Nifanye nini? Akili imehama. Nikasema kwa sauti nyembamba, "Ya Mtakatifu Yosefu."

"Asante sana kwa kuja kutufariji." Akakaa, akarudisha mikono juu ya magoti, macho yake yakarudi kulekule yalikokuwa.

Herieth aliinamisha kichwa. Na kule jikoni nikasikia mwiko umeanguka kwenye sementi.

Adelina alinikamata kwa mkanda wa gauni, akanivuta mpaka nyuma ya nyumba, akanivua wigi kichwani kwa nguvu, masikio nusura yafuate. Nilidhani ananipiga. Kumbe kalikumbatia kifuani.

"Alinambia," akasema. "Albano, alinambia mwenyewe likimeta mzee atampotea! Nami nimempoteza. Nimempoteza mbele ya mume wake!"

"Si kosa lako peke yako, mie niliona ni…"

"Uliona? Uliona ukanyamaza? Wewe mwanaume wewe, tutaongea nyumbani! Sogea!"

Akalifunua sufuria la pilau. Wanawake wakapiga kelele, wali haujaiva, usifunue! Akaliinamisha wigi juu ya mvuke, upande wa mbele tu. Yeye huyu, anayefukuza watu kwa ajili ya pasi! Nywele zikaanza kujikunja. Akalisogeza kushoto kidogo, akanyanyua, akatazama, akarudisha. Kishungi kikainuka.

"Adelina, unaunguza wigi la marehemu!"

"Nyamazeni nyie, niko kazini!"

Akahamia kwenye jiko la mkaa. "Hapa juu ya sikio palikuwa na tundu la cheche, la Krismasi ile nyingine." Akagusisha, tss, tundu likapatikana. "Kisogoni lilisokotana kulia kwenda kushoto." Akaingiza vidole akasokota kwa hasira. Akachota majivu, akachota unga wa ngano wa chapati, akalisugua lote, akalikung'uta, mng'ao wa siku tano ukaisha hapohapo. Machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka, uso mweupe kwa unga, na mikono haikosei. Hapo ndipo nilipoelewa zile siku zote za dirishani. Pale Mtoni nzima, hata mume wake, hata binti yake, hakuna mtu aliyelijua wigi la Mama Herieth kama huyu aliyekuwa analichukia. Alikuwa nalo kichwani lote, unywele kwa unywele.

Akalitazama. "Penseli," akasema. Penseli iko kabatini kwetu. Mke wangu, mtu mzima, mnene kiasi chake, alikimbia nyumba tatu kwenda na tatu kurudi, kanga inaburuta, khaa! Akarudi anahema, akaichomeka kushoto. Wigi likageuka lenyewe, taratibu, likatazama Mbagala.

"Nenda," akaniambia.

Nilipotokeza tu pembeni ya nyumba, sikufika hata hatua ya tatu. Mama mmoja akapiga yowe, "Yesu na Maria! Mama Herieth!" Viti vikaanguka. Watu wakaanza kucheka na kushikana, na mie nikapata nguvu. Kiganja juu ya wigi, deli kiunoni.

"Nyie! Nimeondoka siku arobaini tu mmeshahamia kwangu? Pilau langu mnalila na hata kitumbua kimoja hamjaniungisha! Na yule Mmakonde yuko wapi? Alipona malaria yake? Watu wanazikwa yeye kajifunika blanketi! Mwoga kama babu yake!"

Watu hoi. Katekista kashika tumbo. Nikawapita wote, nikaenda mpaka mbele ya kiti cha Mzee Leodegar, nikasimama. Na hapo, nasema ukweli, nikaishiwa. Maneno yote niliyoyapanga yaliyeyuka. Nikabaki nimesimama tu na deli.

Mzee akainua uso. Akakunja macho yake yale mabovu. Alilitazama wigi, siyo mie. Midomo ikaanza kucheza, ikakaa, ikacheza tena.

"Marietha," akasema. "Wigi lako linatazama Mbagala."

Mtani ni mtani.

"Liache litazame," nikasema, "huenda kuna wateja."

Akacheka. Kwanza kidogo, puani, halafu akajipiga magoti kwa viganja, akacheka kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, akarudia, "Wateja! Huenda kuna wateja!" Na katikati ya kicheko chenyewe sauti ikavunjika, akanishika lile gauni kwa mikono miwili, akaliweka usoni, akalia. Alilia kilio cha siku arobaini. Herieth akaja akapiga magoti, akamkumbatia, analia naye. Mie nalia, deli mkononi. Adelina kasimama pale pembeni na unga wake usoni, analia kwa sauti kubwa kuliko wote, hata wafiwa.

Kilipopungua, mzee akapangusa uso kwa pindo la gauni, akatazama huku na huku, akauliza, "Chakula kiko wapi?" Akala sahani mbili. Pilau lilikuwa bichi kwa juu, na lilinuka nailoni, na hakuna mtu aliyelalamika.

Jumapili nilimpelekea Mzee Leodegar kile kichwa cha mzee wa chale, cha kuwekea wigi sebuleni kwake. Ndicho kichwa cha kwanza nilichokitoa kwa ajili ya wigi bila ugomvi. Nyumbani tuliongea kama nilivyoahidiwa, na sitasema tulichoongea.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja nipo mlangoni nanoa patasi, namwona Mzee Leodegar anakuja na fimbo yake, suruali inakaa kiunoni bila kamba, kwapani kabana kitu ndani ya kitenge. Akafungua. Wigi. Adelina akabadilika rangi.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "Herieth alikuja wiki iliyopita. Akaliona lina vumbi, akaliosha, akalipulizia vidawa vyake. Alifanya kwa mapenzi, sikumgombeza. Lakini linaanza kumeta. Asubuhi nikitoka chumbani, simwoni."

Adelina alikwenda kuwasha jiko, akabandika maji yatoe mvuke, akachukua unga. Kibao kiko juu ya kichwa chake kinasema CHUKUA LINAMETA, na yeye kakaa chini yake anafifisha. Mzee alimsubiri kwenye benchi, tukaongea habari za mvua. Alipokabidhiwa akalishika mbele ya macho, akakikagua kishungi, akagusa lile tundu la cheche, akalisogeza kidogo upande wa kushoto.

"Haya, Marietha," akasema. "Twende nyumbani."

Tukamtazama mpaka akaingia kwake. Adelina akarudi ndani kwa wagonjwa wake wa nailoni. Nami nikaingia, maana nilikuwa nimechoka. Kwenye kochi kulikuwa na vichwa vinane. Nikasogeza viwili, nikakaa.